Kikombe Kilichobaki

Habu ya gurudumu la nyuma, kile kitovu cha chuma kinachobeba tairi, ilikuwa imelazwa kivulini juu ya gunia tangu asubuhi, na alasiri ilikuwa bado ya moto. Fundi aliigusa kwa mgongo wa mkono, akaurudisha upesi. Chuma kikitoka barabarani hupoa, hilo halihitaji shule. Hiki kilikuwa kimelala kutwa nzima bila kuguswa na jua, na kilikuwa na joto la mtu mwenye homa.

"Ni hali ya hewa tu," alijiambia, akaendelea na kazi. Mtu mwenye haraka hukubali sababu yoyote anayojipa mwenyewe.

Watu walimwita Fundi Sikio. Aliweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, akafumba macho, kisha akakutajia ugonjwa wa gari lako kabla hujamaliza kulalamika. Mkewe alimtania kwamba anasikia nati iliyolegea mtaa wa pili lakini hasikii akiitwa kusaidia kuosha vyombo. Fundi alicheka kila mara, maana jina lile alilipenda kupita kiasi. Lilikuwa ndilo mali yake.

Lori lililokuwa juu ya jeki siku hiyo lilikuwa kuukuu, rangi imebaki milangoni tu. Mwenye lori, mwanamume mnene wa maneno machache ambaye pia ndiye aliyeliendesha, alilikuta limetelekezwa kwenye chimbo la mawe lililohamwa, majani yameota hadi kwenye usukani, akalinunua na kulifufua kidogo kidogo. Sasa lilikuwa linaunguruma nyuma. Alitaka beringi za nyuma zibadilishwe zote, kulia na kushoto, kabla jua halijazama, kwani mzigo ulikuwa unamngoja.

Beringi ya lori la namna ile ina vipande viwili. Kimoja ni duara lenye vyuma vidogo vinavyobingirika. Cha pili ni kikombe chake, yaani pete nene ya chuma iliyogongomewa ndani ya habu, ambayo vyuma vile hubingirika juu yake. Vipande hivyo huchakaa pamoja na hutolewa pamoja. Ukitia beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni sawa na kumvisha mtu kiatu kilichokwisha kushika umbo la mguu wa mwingine: atatembea, lakini atachubuka.

Kila habu ilikuwa na beringi mbili, ya nje na ya ndani. Vikombe vya nje vilitoka kwa nyundo na tindo. Vya ndani viligoma, kulia na kushoto. Fundi aligonga mpaka viganja vikawaka. Dawa yake ilikuwa kumwita mchomeleaji apitishe moto kwenye kikombe mpaka kijikaze na kudondoka, lakini umeme ulikuwa umekatika, na mwenye lori alikuwa ameshaanza kuzunguka uani akitazama saa. Basi Fundi Sikio akafanya jambo ambalo angemfukuza mtu kazi kwa kulifanya. Aliviacha vikombe viwili vya zamani mahali pake, akavipaka grisi, akatia beringi mpya juu yake, akafunga.

Kwenye gereji ile, kama kwenye nyingi, mteja hukabidhiwa vifaa vyake vya zamani ili aone kwa macho kwamba vimetolewa kweli. Fundi alikwenda kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya choo, akaokota vikombe viwili vya gari jingine vilivyofanana na vile, akavipangusa, akavitia kwenye mfuko pamoja na beringi kuukuu za lori.

"Haya bosi, marehemu wako hawa," alisema.

Mwenye lori akaupima mfuko kwa mkono, akaridhika, akautupa nyuma ya kiti. Lori likaondoka kimya, laini, na Fundi akasimama njiani akilisikiliza hadi lilipopotea. Hakusikia kosa lolote. Alitamani sana kutosikia.

Jioni, nyumbani kulinuka grisi iliyoungua.

"Umeoga kweli wewe?" mkewe aliuliza.

"Nimeoga na kurudia."

"Basi sabuni imekukataa."

Binti yao wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alicheka mpaka akakohoa, kisha akaendelea kusimulia jinsi mwalimu wao alivyokalia chaki. Umeme ulikuwa umerudi, na mama yake alikuwa anapiga pasi sare yake ya shule. Fundi alinyoosha miguu. Polepole akagundua kwamba anasikia sauti nyingine chini ya maneno ya mtoto, nene, iliyonyooka, kama ya mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo.

"Wimbo gani huo, mama watoto?"

"Upi?"

"Huo unaoimba."

"Mimi siimbi," mkewe alisema. Na alipokuwa anasema hivyo, sauti ile haikukatika. Iliendelea kifuani mwake, chini ya maneno yake mwenyewe, na yeye hakuisikia.

Asubuhi mkewe hakuweza kuamka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu. Fundi alimgusa shingoni kwa mgongo wa mkono, na mkono ukakumbuka mara moja joto lile. Harufu ilikuwa nzito chumbani, inakwama kooni. Alimwambia Chiriku akae uani, akarudi, akamgeuza mkewe taratibu, akaweka mgongoni pake lile sikio ambalo halijawahi kumdanganya. Akasikia vyuma vikibingirika juu ya uso uliochubuka, mzunguko baada ya mzunguko, vikisaga, vikiruka mahali pamoja na kurudi pale pale, na mlio ukapungua ghafla kama dereva anayekanyaga klachi, kukawa na pengo dogo, halafu ukaanza tena kwa chini zaidi, kwa uzito zaidi, mlio wa gari lililoshiba mzigo likiingia mlimani kwa gia ndogo, na mwili wa mkewe ukajikaza wote kuanzia visigino hadi shingoni kama vile ni yeye aliyekuwa anauvuta mzigo ule.

Fundi alichukua simu. Akampigia mwenye lori.

"Bosi, uko wapi?" alinong'ona.

"Napanda mlima, karibu nafika juu. Mbona unanong'ona?"

"Umeingiza gia gani sasa hivi?"

"Ya pili. Wewe umekuwa trafiki?"

"Simama kidogo, bosi. Tafadhali."

"Nisimame mlimani na mzigo huu? Umelala vibaya, fundi." Halafu, kwa kero: "Na hili gurudumu la kulia limeanza kelele tena. Tutaonana nikirudi. Nimeshafika juu, nateremka."

Mkewe akafungua mdomo. Mlio ukatoka wazi, ukapanda, ukazidi kupanda kadiri lori lilivyokuwa linateremka, mpaka gilasi ikatetemeka juu ya meza. Kisha midomo yake ikasema, kwa sauti kavu isiyokuwa yake, "Ananichubua. Mwambie mgeni wako ananichubua."

Fundi alikaza simu sikioni. Alimpenda mwanamke huyu. Hakuwa mtu wa kumwambia, lakini alimpenda, na kila mzunguko wa gurudumu lile ulikuwa unamla. Beringi ikishika moto hukwama. Alijua vizuri sana kinachotokea ikikwama.

"Bosi, nisikilize! Kikombe cha ndani cha kulia sikukibadilisha. Kiligoma. Nilikupa cha gari jingine. Ukikimbia gurudumu litakwama. Simama, nakuomba kwa jina la Mungu!"

Mlio ukashuka, ukashuka, ukafa. Mkewe akavuta pumzi ndefu.

"Cha kulia tu?" mwenye lori aliuliza kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ilitisha kuliko kelele.

Fundi alitazama ukuta. Kosa moja watu huliita bahati mbaya. Mawili huyaita tabia.

"Cha kulia tu," alisema.

"Narudi polepole. Nikifika utanijua."

Kulikuwa na bibi mmoja mtaani ambaye watu walimwendea kwa mambo yasiyotibika hospitali. Walimwita Bibi Kiti, kwa kuwa magoti yake hayakuaminika na hakwenda popote bila kiti chake cha plastiki. Alifika akihema, akakiweka kiti kando ya kitanda, akaketi, akamshika mgonjwa kifundo cha mkono. Hakuuliza habari za maadui wala wivu. Alinusa.

"Hili halikutoka nyumbani," alisema. "Limetoka kazini kwako. Umetenganisha nini?"

Fundi akamweleza kuhusu beringi na kikombe, na kuhusu chimbo la mawe.

"Kila kitu kinachoachwa kitupu hupata mpangaji," Bibi Kiti alisema. "Lori limekaa peke yake miaka. Majini yameingia, na yameingia kama wanavyoingia watu wenye nyumba, wawili wawili, kwenye vitu vilivyo viwili viwili. Wewe umemtoa mume, mke umemwacha chumbani, halafu ukamtupia mgeni kitandani. Ulitaka akushukuru?"

"Nifanye nini, bibi?"

"Ulichokiacha nusu ukimalize. Mwenzake yuko wapi?"

"Kwenye mfuko, ndani ya lori."

"Basi mbebeni huyu tumsubiri huko huko gerejini. Na mtoto msimwache nyumba hii peke yake."

Wakamlaza kwenye mkeka, chini ya bati la gereji. Walijua lori liko njiani kabla halijaonekana, kwani mlio ulianza tena kifuani mwake, wa chini na wa taratibu, na lilipokata kona na kufunga breki mgongo wake uliinuka mkekani. Mwenye lori aliruka chini na spana mkononi. Alipiga hatua kumfuata fundi, akamwona mgonjwa, akasikia. Mkono wenye spana ukashuka wenyewe.

"Huo si mlio wa lori langu?" alinong'ona.

"Ndio," fundi alisema. "Nisaidie jeki."

Waliinua upande wa kulia, wakalegeza nati, wakavuta tairi, dramu ya breki, habu. Grisi ya jana ilikuwa nyeusi, imekauka kama ukoko wa chungu. Bibi Kiti alikuwa ameumwaga mfuko juu ya gunia mbele ya kiti chake na anazipanga beringi kuukuu kwa ncha ya fimbo. Wenye vibanda vya jirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, wanaangalia kwa mbali.

"Fundi, njoo. Huyu ndiye mwenzake wa huyo wa kulia?"

"Ndiye."

"Na huyu mwingine anayefanana naye? Kikombe chake kiko wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kusema kweli. Mwenye lori alikuwa amesimama, mikono kifuani, anasikiliza. Mteja wa zamani alikuwa pale, muuza spea alikuwa pale. Fundi alitazama vile vikombe viwili vya gari jingine, vilivyolala kwenye gunia pamoja na vingine, ambavyo macho ya mtu asiye fundi hayangeweza kuvitofautisha.

"Hicho hapo," alisema, akionyesha kimojawapo.

"Una hakika? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikivunja nyumba moja, jirani husikia. Kama kuna mwingine aliyebaki humo, sema sasa, nimtoe pamoja na huyu. Akibaki peke yake hatakuja kwa upole."

"Hakuna, bibi."

Alikuwa na mpango. Wiki ijayo angemwita mwenye lori kwa kisingizio chochote, apake grisi bure, na kikombe cha kushoto angekitoa kimyakimya bila mtu kujua. Wiki moja tu. Aliuamini mpango huo kabisa alipokuwa anashika nyundo.

"Piga," Bibi Kiti alisema, na midomo yake ikaanza kusoma taratibu.

Pigo la kwanza lilitua kwenye tindo, tindo kwenye ukingo wa kikombe, na mkewe akapiga yowe. Fundi akasimama.

"Nitamwua!"

"Ukisimama katikati ndiyo utamwua. Piga!"

Akapiga. Akahamisha tindo upande wa pili wa kikombe, akapiga, akarudi upande wa kwanza, na kila pigo lilimfika mwanamke yule mbavuni, naye akawa anajikunja mkekani na kulia kwa ile sauti kavu, "Nyumba yangu! Kwa nini unabomoa nyumba yangu, mimi nilikukosea nini?", na mara kwa sauti yake halisi, ile aliyomtania nayo kila siku, "Baba Chiriku, inauma, acha, inauma mume wangu," na hapo fundi alilia bila kujificha, machozi na jasho vikidondoka kwenye chuma na kufuka moshi palepale, na hakuacha kupiga, mpaka kikombe kikalegea kwa mlio mkali, kikatoka, kikaanguka sakafuni na kuzunguka kwa ukingo wake, kikizunguka na kuzunguka bila kupunguza mwendo, mpaka Bibi Kiti alipokikanyaga kwa kandambili.

Alikiinua kwa kitambaa, akakifunika juu ya beringi yake kuukuu, akavifunga pamoja fundo gumu.

Harufu ikaondoka. Mkewe fundi akaketi, akajitazama.

"Nani kanileta gereji na nguo ya kulalia?" aliuliza. "Mbele za watu! Nipeni maji."

Chiriku alimrukia mama yake shingoni. Watu wakacheka kicheko cha waliokuwa wameshika pumzi. Fundi alikaa chini kwenye grisi akaficha uso, akashukuru. Furaha ilimjaa kiasi kwamba kwa muda ule hapakuwa na upande wa kushoto duniani.

Kisha akainuka, akagongomea kikombe kipya, akapaka grisi, akafunga vizuri kuliko alivyowahi kufunga. Mwenye lori aligusa gurudumu, akakagua nati moja moja mwenyewe.

"Mkeo amepona, nafurahi," alisema. "Lakini mimi na wewe basi. Nina mzigo wa watu umechelewa. Namba yako nimeshaifungia, usijisumbue kunitafuta."

"Bosi, kuhusu wiki ijayo..."

"Hakuna wiki ijayo."

Akapanda, akawasha. Fundi alilifuata hatua mbili. Neno lilikuwa ulimini, fupi tu, na pale walikuwepo watu wote. Lori likarudi kinyumenyume, likageuka, likashika barabara.

Bibi Kiti alikuwa amesimama anajinyoosha mgongo, na Chiriku alikuwa amekalia kiti chake, anapunga miguu, anamsimulia mama yake mambo yote ya asubuhi kwa pamoja. "Halafu mama ukawa unafanya hivi, halafu yule baba mnene akaja na spana, halafu bibi akasema, halafu..."

Lori likaingiza gia ya pili.

Chiriku akanyamaza.

Mama yake akatabasamu, akidhani mtoto anatafuta neno. Chiriku hakutafuta neno. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili, midomo imefungwa kabisa, anatazama mbele. Na sauti ikaanza, si nene kama ile ya mama yake. Ilikuwa nyembamba, yenye hasira.

Bibi Kiti aligeuka polepole. Hakumtazama mtoto. Alimtazama fundi.

"Ulisema hakuna," alisema.

Fundi alikuwa ameshaanza kukimbia. Kandambili zilimtoka, akakimbia peku juu ya changarawe na vumbi la lori, mikono hewani, akipita vibanda, akipita wateja wake, na kile alichoshindwa kukisema kwa kunong'ona sasa alikipiga kelele mbele ya kila mtu. "Simama! Cha kushoto! Nimeacha na cha kushoto! Nilidanganya, jamani, msimamisheni, nilidanganya!" Watu walitoka milangoni kumtazama. Kijana mmoja wa pikipiki alipigapiga honi kumsaidia. Mwenye lori, kioo kimepandishwa, redio imefunguliwa, aliuona mbele mteremko mrefu na barabara nyeupe isiyo na gari.

Akaingiza gia ya tatu, na nyuma, gerejini, sauti ya mtoto ikapanda.